NANI ATAMSIKIA ALIYE JUU?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wahitimu na wanafunzi siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Nashukuru kwa heshima mliyonipa ya kusema nanyi asubuhi hii. Katibu wetu aliponiandikia alinitaka nizungumze juu ya jambo lolote linalotokana na kazi yangu, mradi nisiwachoshe vijana. Kazi yangu serikalini ni kukagua mitambo inayonyanyua mizigo na watu. Kwa hiyo nimechagua mashine moja ambayo wengi wenu mmeiona barabarani au kwenye majengo, na hasa vyombo vidogo vilivyofungwa ndani yake ili mashine ipate kujua kwamba mtu aliye juu yumo hatarini.

Mashine yenyewe ni ile yenye mkono mrefu wa chuma, na mwisho wa mkono huo kuna kikapu anamosimama fundi. Ikiwa imefungwa juu ya lori na kutumiwa na mafundi wa umeme, watu huiita gari la kikapu. Kwenye majengo, mafundi wetu huiita manlifti. Iko pia ya aina nyingine isiyo na mkono, bali ina vyuma vinavyopishana kama mkasi, nayo hupanda na kushuka wima tu. Zote kazi yake ni moja, yaani kumpandisha mtu mahali ambapo zamani tulimpandisha kwa ngazi au kwa jukwaa la mirunda.

Mtu asidhani kwamba nimekuja kuilaumu mashine hii. Ni afadhali mara nyingi kuliko mirunda. Kampuni ya JLG ya Pennsylvania, Marekani, ambayo ni mojawapo ya watengenezaji wakubwa, ilitoa ya kwanza mwaka 1970. Husimuliwa katika historia ya kampuni hiyo kwamba mwanzilishi wake, John L. Grove, alipata wazo hilo baada ya mafundi wawili waliokuwa juu ya jukwaa kwenye bwawa la Hoover kupigwa na umeme wakafa. Ikiwa ndivyo, basi mashine yenyewe ilizaliwa kwa sababu mtu mmoja alikataa kuuamini msemo tunaoupenda sana sisi, usemao kwamba ajali haina kinga.

Msemo huo nausikia karibu kila mahali niendapo kukagua. Ni msemo wa kuwafariji wafiwa, na hapo una mahali pake. Lakini msimamizi wa kazi akiutumia kabla ya ajali, huo si faraja tena, ni kisingizio. Ajali nyingi za mashine hii zinajulikana namna zinavyotokea. Mtu huanguka kutoka kikapuni, au hupigwa na umeme wa nyaya zilizo karibu, au mashine hupinduka, au mtu hubanwa kati ya kikapu na kitu kilicho juu yake. Hatari ikishajulikana, kinga yake yaweza kutafutwa.

Sasa, vijana, ni lazima tuanze na jambo moja. Mashine haina macho. Kwake fundi ni sawa na gunia la saruji. Haitajua lolote juu ya mtu aliyembeba ila lile tu ambalo mhandisi ameifundisha kuuliza. Kila chombo cha usalama kilichomo ndani yake ni swali moja, na hujibu swali hilo moja tu. Mkilikumbuka neno hili mtakuwa mmenielewa. Mafundi wengi walioumia waliumia kwa kudhani kwamba chombo kinachojibu swali moja kinajibu na mengine.

Swali la kwanza ni hili: je, nimesimama sawasawa? Chini ya mkono wa manlifti kimefungwa chombo kinachopima mwinamo. Mashine ikiinama kupita kiasi kilichowekwa, ambacho kwa mashine nyingi ni digrii chache tu, kengele hulia. Mtu aweza kuuliza, digrii chache ni kitu gani? Chukueni hesabu. Kikapu kikiwa mita 14 juu, mwinamo wa digrii 3 hukisogeza upande kwa karibu sentimita 73. Aliye chini haoni kitu, lakini aliye juu amekwisha kusogezwa karibu hatua nzima kuelekea nje.

Swali la pili: je, nimebeba mzigo gani? Hapa ndipo somo la wenzo linapoingia, lile ambalo wengine wetu tulilisinzia darasani. Kilo 200 zilizo mita 10 nje ya magurudumu huvuta sawa na tani 2 zilizo mita 1. Kwa hiyo mfuko mmoja wa saruji ulioongezwa kikapuni si mfuko mmoja tena kwa mashine. Kanuni za Ulaya zinazojulikana kwa jina la EN 280 huhesabu kila mtu kuwa na kilo 80, na vifaa vyake visivyopungua kilo 40 kwa jumla. Watu wawili basi ni kilo 200. Kanuni hizohizo zadai kiwe na chombo cha kupima uzito, na kabla mzigo haujapita asilimia 120 ya kiasi kilichoandikwa, taa nyekundu iwake, kengele ilie, na mashine ikatae kusogea.

Hapo pana jambo linalowahusu wale miongoni mwetu wanaonunua mashine zilizokwisha kutumika. Kule Marekani chombo hicho cha kupima uzito kilikuwa cha lazima kwa mashine mpya za aina hii pale tu kanuni zao mpya zilipoanza kutumika mwaka 2020. Mashine ya Kimarekani ya miaka ya nyuma, hata ikiwa imepakwa rangi ikang'aa, yaweza isiwe nacho kabisa. Itapakia mtu wa tatu na mbao zake bila kusema neno.

Na kuna maswali ambayo mashine nyingi haziulizi hata kidogo. Upepo ni mmojawapo. Mashine zilizoruhusiwa kufanya kazi nje kwa kawaida hupangiwa upepo usiozidi mita 12.5 kwa sekunde, yaani kilomita 45 kwa saa. Nyingine zimeandikwa upepo sifuri, maana yake zisitoke ndani ya jengo. Lakini aghalabu hakuna chombo ndani yake kinachopima upepo. Fundi akibeba bati au bango pana kikapuni, amejitwekea tanga kama la jahazi, wala mashine haitamwonya. Tena, upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne. Vivyo hivyo umeme: manlifti nyingi za ujenzi hazina kinga ya umeme, na kikapu hakijui kwamba kimekaribia waya.

Swali la tatu ndilo lililonileta mbele yenu. Je, mtu wangu yu salama, naye anataka kweli niende?

Kwenye manlifti za mkono, mwendeshaji hana budi kukanyaga pedali kwa mguu ndipo vijiti vya kuendeshea vifanye kazi. Akiondoa mguu, kila kitu husimama. Mashine nyingine badala ya pedali zina kitufe cha kubana kwa kidole. Wazo lake ni zuri: mtu akizimia ataanguka, mguu utatoka, mashine itasimama.

Wazo hilo si geni. Lilianza kwenye treni, ambako dereva hushika mpini au hukanyaga pedali, na akilegea breki hujifunga zenyewe. Watu wakaliamini sana. Hebu tazameni yaliyotokea. Tarehe 28 Februari 1975, mjini London, treni ya chini ya ardhi iliingia kituo cha Moorgate bila kupunguza mwendo, ikagonga ukuta mwisho wa njia. Watu 43 walikufa. Mpini ulikuwa umeshikwa mpaka mwisho. Chombo kiliuliza, je, mpini umeshikwa? Jibu lilikuwa ndiyo. Hakikuweza kuuliza kwa nini mtu haoni ukuta.

Tarehe 31 Januari 2003, huko Waterfall, kusini mwa Sydney nchini Australia, dereva wa treni alipatwa na ugonjwa wa moyo kazini. Treni yake ilikuwa na pedali ya aina hii. Lakini uzito wa miguu yake uliendelea kuikandamiza pedali, na treni ikaenda kasi ya karibu kilomita 117 kwa saa mpaka kwenye kona iliyotakiwa kupitwa kwa kilomita 60. Watu saba walikufa, dereva akiwa mmoja wao. Pedali iliuliza, je, kuna uzito juu yangu? Ulikuwapo. Na kulikuwamo jambo jingine ambalo nitalirudia baadaye: ndani ya treni alikuwamo pia gadi mwenye breki ya dharura, nayo haikuvutwa.

Sasa rudini kwenye manlifti. Fundi yuko ndani ya ghala, anapaka rangi kenchi za paa. Anairudisha mashine nyuma huku macho yake yako mbele penye kazi. Nyuma yake kuna boriti. Boriti inamgusa mgongoni, inamsukuma, naye anainama juu ya sanduku la vijiti vya kuendeshea. Kifua chake kinakilalia kijiti. Mguu wake, kwa kuwa anasukumwa mbele, unazidi kukanyaga. Mashine inauliza, je, pedali imekanyagwa? Ndiyo. Je, kijiti kimesukumwa? Ndiyo. Basi inaendelea. Kadiri anavyobanwa ndivyo anavyozidi kuiamuru mashine imbane. Na mtu aliyebanwa kifua hawezi kuvuta pumzi, na asiyevuta pumzi hawezi kupiga kelele. Aliye chini huenda anamwona ameinama akadhani anatazama kazi yake. Muda uliobaki ni dakika chache tu.

Ajali za namna hii zilitokea mara kadhaa huko Uingereza hata mwaka 2010 wakandarasi, wakodishaji na watengenezaji wakakaa pamoja, wakatoa mwongozo maalumu wa kuzuia watu kubanwa vikapuni. Tangu hapo watengenezaji wameshindana kutafuta chombo cha kuuliza swali lililokosekana: je, mwili wa mtu umesukumwa mahali usipopaswa kuwa?

Majibu yaliyopatikana ni ya namna kadhaa. Niftylift ya Uingereza ilitengeneza sanduku la vijiti linalohisi msukumo. Mwendeshaji akilisukuma kwa mwili, mashine hukata. Genie ya Marekani ilifunga kamba ya waya mbele ya sanduku; mwili ukiisukuma kamba, swichi huchomoka, mashine husimama, kengele hulia na taa huwaka ili walio chini wajue. JLG ilifunga mwamba mbele ya vijiti. Ukisukumwa, mashine husimama na kisha hurudi kidogo ilikotoka, ili kifua kipate nafasi. Wengine huweka vyuma vya kinga vilivyosimama kupita kichwa cha fundi, ili boriti ikutane na chuma kabla ya kukutana na mtu. Na viko vyombo vinavyotuma mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii, vikasikiliza mwangwi wake kama afanyavyo popo, vikapunguza mwendo kabla kikapu hakijagusa.

Ni kazi nzuri ya wahandisi, na wapo watu wanaopumua leo kwa sababu yake. Lakini kumbukeni neno langu la mwanzo. Mwamba ulio mbele ya vijiti huhisi mtu aliyesukumwa mbele. Aliyebanwa ubavuni haumhusu. Mawimbi ya sauti hurudi vizuri kutoka kwenye ukuta, lakini waya mwembamba huweza kuyapita. Kengele hulia, lakini kama jenereta inanguruma na hakuna mtu chini, imelia bure. Na chombo ambacho hakijaribiwi asubuhi kabla ya kazi, kwa kukisukuma mashine ikiwa bado iko chini, hujui kama ni chombo au ni pambo.

Ndugu zangu, yote hayo ni juu ya mashine. Sasa niseme juu yetu sisi watu, maana huko ndiko kwenye ugumu.

Miaka michache iliyopita nilifika kwenye ghala moja lililokuwa likimaliziwa kujengwa. Jina la mkandarasi halina maana hapa. Juu, karibu mita 11, kijana mmoja alikuwa akifunga taa. Niliomba ashuke. Aliposhuka nikatazama kikapuni, nikakuta pedali imekandamizwa kwa kipande cha tofali na kufungwa kwa waya wa nondo. Kwa maneno mengine, swali moja pekee ambalo mashine ile ilikuwa na uwezo wa kuuliza juu ya mtu wake lilikuwa limekwisha kujibiwa tangu asubuhi: ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka jioni.

Wengi wangemgombeza. Mimi nilimwuliza kwa nini. Akanijibu kwa adabu, "Bosi, pedali hii inakata ovyo. Nikilegeza kisigino kidogo tu inazima, na mguu umekufa ganzi. Na mimi nalipwa kwa taa." Nilipanda mwenyewe nikaijaribu. Alikuwa akisema kweli. Springi ilikuwa imeshika kutu, na mguso wake ulikuwa mbovu. Kijana yule hakuwa mpumbavu wala mkaidi. Alipewa chombo kibovu na malipo ya kukimbizana, akachagua kama ambavyo wengi wetu tungechagua.

Kisha nikafanya jaribio ninalolifanya kila mahali. Nikamwomba apande tena, tofali likiwa limetolewa, asimame kimya. Nikamwambia msaidizi wake aliye chini, "Mwenzako amezimia. Mshushe." Msaidizi akaenda kwenye vidhibiti vya chini, vile vilivyo ubavuni mwa mashine. Mashine hizi zina ufunguo wa kuchagua kama amri itoke juu au chini. Ufunguo haukuwapo. Tukautafuta. Ulikuwa juu, mfukoni mwa yule yule aliyetakiwa kuokolewa.

Hakuna aliyeumia siku ile. Nilisimamisha mashine, pedali ikatengenezwa, na kabla ya jua kuzama siku ya pili ilikuwa ikifanya kazi. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko malipo ya kukodi mashine ile kwa siku moja. Ufunguo nao ukafungiwa mahali pake kwa mnyororo. Lakini jambo lile limenifundisha kwamba chombo cha usalama kinachomsumbua mtu bila sababu kitafungwa waya, hata kiwe kizuri namna gani. Na anayestahili kuulizwa kwanza si yule aliyefunga waya, bali ni yule aliyeacha pedali ioze.

Niliahidi kurudi kwa gadi wa treni ya Waterfall. Treni ile ilikuwa na chombo, na chombo kilidanganyika. Ilikuwa pia na mtu wa pili mwenye breki, na breki ile ilibaki vivyo hivyo. Kwenye manlifti mtu wa pili ndiye yule msaidizi aliye chini. Kwetu mara nyingi tunampa kazi hiyo yule asiye na kazi, kijana wa kuleta maji, naye akiona mambo yametulia huenda kivulini. Mimi nasema kwamba mtu yule ndiye chombo cha mwisho cha kumhisi aliye juu, na ndicho pekee kinachoweza kuuliza maswali yote kwa pamoja. Anaona upepo, anaona waya, anaona mwenzake ameinama kwa muda mrefu kupita kawaida. Lakini hafai kitu ikiwa hajui kitufe kipi kishushe mkono, na kwamba injini ikizima ipo pampu ya akiba iendeshwayo kwa betri, na kwamba kwenye mashine za mkasi ipo vali ya kushushia kwa mkono.

Tena ajue kufikiri kabla ya kubonyeza. Mtu aliyebanwa juu hashushwi kwa haraka tu. Kwanza hutazamwa amebanwa na nini, kisha mkono huondolewa upande ule ulikotoka. Ukiuvuta upande mwingine waweza kumbana zaidi. Haya hujifunzwa kwa kufanya mazoezi siku ya amani. Siku ya msiba haina nafasi ya masomo.

Sasa niwaombe machache, kila kundi kwa nafasi yake.

Ninyi wanafunzi. Wengine wenu mtakuwa wahandisi, wengine mafundi, na wengine mtashika kibarua cha miezi michache mkingoja matokeo ya mitihani. Siku mtakapoambiwa pandeni, msione haya kuuliza mambo matatu: ufunguo wa chini uko wapi, nani amejifunza kunishusha, na pedali imejaribiwa leo? Anayeuliza hivyo si mwoga. Na ukijibiwa kwa kicheko, ngoja chini kidogo mpaka ujibiwe kwa maneno. Mpanda ngazi hushuka, walisema wazee, lakini ni juu yetu kuchagua namna ya kushuka.

Ninyi wahitimu wenzangu mlio wakandarasi na wenye viwanda. Mnaponunua mashine iliyotumika, msiridhike na kusikia injini inavyounguruma. Pandisheni mzigo uliozidi kidogo, mashine ikiwa chini, muone kama inakataa. Jaribuni kengele ya mwinamo. Sukumeni mwamba wa vijiti, kama upo, na kama haupo ulizeni kama mtengenezaji anauza wa kuongezea, maana wengi wanauza. Na mkilipa kwa taa au kwa mita, jueni kwamba mmenunua pia mwendo ule utakaomfanya mtu atafute tofali.

Nasi watumishi wa Serikali. Tanzania tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, iliyochukua nafasi ya sheria ya viwanda ya mwaka 1950 tuliyoirithi kwa wakoloni. Sheria tunayo. Lakini tunapoandika zabuni tunaeleza kwa kirefu urefu wa mkono na nguvu ya injini, kisha juu ya vyombo vya kumlinda mtu tunaandika mstari mmoja kwamba mashine iwe salama. Neno salama halipimiki. Tuandike chombo gani tunakitaka, na kijaribiwe mbele yetu siku ya kupokea mashine. Mwenye bei ya chini kabisa mara nyingine ameipata bei hiyo kwa kuacha kitu ambacho sisi hatukukitaja.

Ndugu Mwenyekiti, shule hii ilitufundisha kujibu maswali. Katika kazi yangu nimeona kwamba uhai wa watu hutegemea zaidi wale wanaochagua maswali ya kuulizwa, na wale wanaokataa kulifunga swali kwa waya kwa sababu linawachelewesha. Mtu aliyebanwa juu hana sauti. Mashine itamsikia kwa kiasi tu ilivyofundishwa. Yaliyobaki ni ya mtu aliyesimama chini, mwenye ufunguo mkononi, ambaye hakwenda kivulini.